Ghala Nyuma ya Mahakama

Loguri, Sudan Kusini
6 Februari 2023

Mpwa wangu Lailah,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na mama yako. Rukiah ndiye dada pekee niliyebaki naye, kwa hiyo nieleze ukweli kuhusu miguu yake, si yale maneno ya "anaendelea vizuri" mnayonipa kila mara. Bado anapanda kilima cha Kibuli kwa miguu kwenda msikitini, au sasa amekubali boda boda? Mwambie kaka yake amesema apande boda boda.

Huku tupo. Gereji inafanya kazi siku ambazo dizeli imefika. Mama Siraje anawasalimu, amepanda bamia nyuma ya nyumba.

Naandika Kiswahili kwa sababu Kinubi chetu tunakisema tu, hatukufundishwa kukiandika. Na naandika kwa mkono kwa sababu simu za hapa zinafunguliwa kwenye kizuizi cha barabarani, askari anasoma ujumbe mmoja mmoja. Masinde, yule dereva Mgisu anayetuletea saruji kutoka Kampala, amekubali kuzibeba barua zetu chini ya kiti chake.

Sasa jambo lenyewe. Mwezi wa kumi na moja kiliwekwa kizuizi kipya mlangoni mwa soko. Mwalimu Guerschom akaenda pale na nakala ya mkataba wa amani, akawasomea askari kifungu kinachosema vizuizi viondolewe. Watu wakakusanyika kumsikiliza. Alipomaliza kusoma, wanaume kumi na wawili walichukuliwa, yeye akiwemo, na hadi leo wamefungiwa kwenye ghala la zamani la pamba. Ghala hilo liko nyuma ya mahakama mpya. Mahakama hiyo inajengwa na ubalozi wako, Lailah. Bendera ya balozi wenu imechorwa kwenye ubao, nayo naiona kila asubuhi nikienda gereji.

Desemba walikuja wenzako wawili wa kitengo cha haki za binadamu. Wakaketi na familia kwa muda wa saa tatu, wakaandika, wakagawa madaftari na fulana zilizoandikwa HAKI NI YETU SOTE, wakaondoka. Tangu siku hiyo hatujasikia neno. Familia zinaniuliza mimi kwa sababu wanajua nina mpwa huko ndani. Kwa hiyo nakuuliza: karatasi zile zilikwenda wapi?

Majina nimeyaandika nyuma ya barua hii.

Mjomba wako,
Dawudi


Kibuli, Kampala
2 Machi 2023

Mjomba wangu,

Wa alaykum salaam. Mama amesoma barua yako kabla yangu, kwa hiyo nimeshasikia yote kuhusu boda boda. Miguu inavimba jioni. Daktari wa hapa Kibuli amembadilishia dawa na kumkataza chumvi, naye anamdanganya daktari. Huo ndio ukweli ulioutaka.

Anauliza kwa nini Siraje ameacha kumpigia. Mwanao alizoea kumpigia shangazi yake kila Ijumaa baada ya swala. Nimemwambia ni mtandao.

Kuhusu karatasi: hazikupotea. Mimi ndiye niliyezitafsiri. Niliajiriwa kwa sababu Kinubi na Kiarabu cha Juba vinasikilizana, na maelezo yote ya Loguri yalipita mikononi mwangu, neno kwa neno. Nilimkabidhi afisa wangu tarehe 9 Januari. Akayasoma, akasema ni mazito, akayafanyia muhtasari. Muhtasari ulipelekwa makao makuu ya nchi yao. Makao makuu yakauliza kama familia zimeridhia majina yao yatumike. Wenzangu waliokuja kwenu hawakuchukua saini za ridhaa. Hapo ndipo tulipokwama.

Najua utakasirika. Lakini, Mjomba, ubalozi si polisi. Hauvunji mlango wa mtu. Kazi yake ni kuuliza, na kabla ya kuuliza lazima uwe na la kushika mkononi. Balozi wetu anasimamia nchi mbili akiwa hapa Nakasero, na kila neno lake linapimwa na watu wanne kabla halijatoka.

Nimemtuma Masinde na fomu za ridhaa. Kila familia ijaze moja.

Jambo jingine. Umeandika wanaume kumi na wawili, lakini nyuma ya barua kuna majina kumi na moja. Nimehesabu mara tatu. Wa kumi na mbili ni nani?

Binti yako,
Lailah


Loguri
29 Machi 2023

Mpwa wangu,

Ramadhani karimu. Mwambie Rukiah kwamba mgonjwa anayetumia dawa hana lawama asipofunga, asishindane na vijana. Huku tunafunga na jua lake, na tende tulizopata ni ngumu kama kokoto.

Fomu zako nimezipokea. Ninaomba siku moja umlete hapa aliyeziandika nimwone. Ukurasa wa kwanza unauliza namba ya nyumba. Nyumba gani ya Loguri ina namba? Ukurasa wa pili unauliza anwani ya barua pepe. Ukurasa wa tatu unamtaka mjazaji achague, kwa alama ya vema, kama aliyekamatwa ni mwathirika wa moja kwa moja au si wa moja kwa moja. Mke wa Guerschom aliniuliza, "Baba Siraje, mume wangu ni wa ngapi hapo?" Nikamwekea alama mwenyewe.

Nimetembea nyumba kumi na moja kwa miguu, nikiwa nimefunga. Nimesoma, nimeeleza, nimeandika, nimewashika watu vidole kuwapaka wino wa kalamu. Mama mmoja alikataa. Nilirudi kwake mara tatu. Mara ya nne akakubali, akaniambia, "Wakimuua kwa sababu ya karatasi hii, nitakuja kukaa gerejini kwako mpaka nife." Nikachukua fomu.

Wanawake wanapeleka chakula saa sita mchana. Askari wa mlangoni anapokea mabakuli, na kesho yake anarudisha matupu. Bakuli likirudi, wanajua mtu yuko hai, au wanajiambia hivyo. Hiyo ndiyo habari yote tunayopata kutoka mita mia mbili.

Mahakama sasa imepakwa rangi.

Kuhusu hesabu zako: peleka hizo kumi na moja. Usinichoshe.

Dawudi


Kibuli, Kampala
5 Mei 2023

Mjomba,

Idi ilikuwa njema, alhamdulillah. Mama alipika pilau ya kulisha mtaa mzima kisha akalala siku mbili. Alimbakizia Siraje sahani, nami nikaila siku ya tatu bila kumwambia.

Fomu zilifika na nimezikabidhi. Tamko limetoka wiki iliyopita. Nimelinakili hapa ili usije ukasema nakuficha:

"Ubalozi una wasiwasi mkubwa kuhusu taarifa za kushikiliwa kwa raia katika baadhi ya maeneo, na unazihimiza pande zote kuheshimu mkataba wa amani."

Ni hilo tu. Loguri haikutajwa, wala ghala. Afisa wangu alifurahi, akasema mwaka jana lisingepatikana hata hilo neno "mkubwa". Walijadili neno "mkubwa" siku mbili, Mjomba. Nilikuwa chumbani nikiandika kumbukumbu za kikao.

Habari nyingine: balozi anakuja Loguri tarehe 12 Julai kufungua mahakama. Nilipewa kazi ya kutayarisha maneno yake ya kumwambia kamanda wa askari wa huko kwenu. Nikaandika: "Uliza walipo wanaume kumi na wawili wa ghala la pamba." Karatasi ilirudi ikiwa imekatwa mstari huo, na pembeni pameandikwa: mazingira ya sherehe hayaruhusu. Nikaenda kumuuliza afisa wangu ni mazingira gani yataruhusu. Akaniambia nina moyo mzuri, lakini mahakama ikifunguliwa kwa amani itawasaidia watu elfu, na watu elfu ni wengi kuliko kumi na wawili.

Sasa nijibu bila kunifokea. Siraje hajampigia mama tangu Novemba. Fomu ni kumi na moja. Wewe unajua kila jina la mji huo, lakini jina moja unashindwa kuliandika. Mama ameanza kuuliza mbele ya wageni. Siraje yuko wapi?

Lailah


Loguri
3 Juni 2023

Lailah,

Salamu kwa mama yako. Barua hii usimsomee.

Pande zote. Nilikaa na maneno hayo nusu siku. Ni pande zipi? Waliomo ghalani ni upande, na mwenye ufunguo ni upande, na wote wawili wanahimizwa sawasawa? Nilimsomea mke wa Guerschom kwa sababu aliomba. Akauliza kama kuna ukurasa wa pili.

Ndiyo, ni Siraje. Alikwenda sokoni kununua mkanda wa feni ya lori, akasimama kumsikiliza mwalimu, akachukuliwa pamoja na mkanda mkononi.

Utauliza kwa nini sikuandika. Familia kumi na moja zilinichagua mimi kuwa kalamu yao kwa sababu nina wewe. Jina la kwanza kwenye karatasi yangu likiwa la mwanangu, watasema Dawudi anatumia shida yetu kumtoa wake. Na huko kwenu wangesema mkalimani anapigania ndugu yake. Nikaona wakitoka wale kumi na moja, naye atatoka nao, kwa kuwa mlango ni mmoja.

Kuna jingine. Mwezi wa pili kamanda alileta gari lake gerejini. Nikiwa chini ya gari aliinama akaniambia, "Baba Siraje, kijana wako anaweza kulala nyumbani leo. Acha tu kutembea na majina ya watu." Nilimaliza kufunga boliti, nikatoka, nikamwambia gari lake liko tayari. Mama Siraje alilisikia hilo kutoka kwa mtu mwingine. Tangu siku hiyo hanisemeshi. Ananiwekea chakula, anaondoka.

Sijui kama nilifanya vizuri. Usiniambie kwamba nilifanya vizuri.

Mabakuli matatu hayarudi tangu mwezi wa nne. La Guerschom, la Fabiano fundi viatu, na la yule mzee muuza chumvi. La Siraje bado linarudi. Kila mchana mke wa Guerschom anasimama pale akiona bakuli la mwanangu linatoka.

Kama balozi wako anakuja kukata utepe tu, mwambie abaki Nakasero, utepe tutakata wenyewe.

Dawudi


Kibuli, Kampala
25 Juni 2023

Mjomba,

Mama hajui. Amenunuliwa mbuzi wa Idi na mwajiri wake wa zamani, kwa hiyo wiki hii hana swali jingine.

Sitakuambia kama ulifanya vizuri. Nitakuambia nilichofanya mimi.

Florence, katibu wa balozi, ana tabia ya kwenda kununua matunda soko la Nakasero saa nne. Jumatatu alinong'ona kwamba siku hiyo balozi angekuwa peke yake hadi saa nne na nusu. Nikaingia. Sijawahi kuingia chumba kile bila kuitwa. Nikaweka fomu mezani na ramani uliyochora ukaituma pamoja nazo, ile ya ghala na ukuta wa mahakama.

Akasema, "Hizi zinatakiwa zipite kwa afisa wako."

"Zimepita kwake mara mbili, mheshimiwa."

Akaivuta ramani karibu. "Ghala liko ndani ya uzio tulioujenga sisi?"

"Ndiyo. Tuliujenga kwa usalama wa majaji."

Akahesabu fomu. "Muhtasari ulisema kumi na wawili. Hizi ni kumi na moja."

Nikamwambia wa kumi na mbili ni mtoto wa mjomba wangu, na kwamba fomu yake haipo kwa sababu mjomba hakutaka aonekane anajipendelea. Ningeweza kunyamaza. Lakini angegundua baadaye kwa mtu mwingine, na karatasi zote kumi na moja zingeonekana uongo.

Hakusema atafanya nini. Alisema, "Ziache hapa."

Kwenye msafara sitakuwemo. Atakwenda mkalimani mwingine. Nina kazi nyingine za ofisi.

Lailah


Loguri
20 Julai 2023

Mpwa wangu,

Alhamdulillah. Mtafutie Rukiah kiti, akae, kisha umweleze yote tangu mwanzo, na umwambie Siraje yuko nyumbani. Amekonda na anakohoa, lakini yuko nyumbani.

Nikueleze. Waliweka hema na viti vya plastiki, kamanda akiwa mstari wa mbele. Balozi alisoma hotuba yake ndefu kuhusu haki, na yule mkalimani mliyemleta alitafsiri "mahakama huru" kama "mahakama ya bure", watu wakapiga makofi sana. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma na familia. Nilikuwa nimeshachoka. Nilitaka kurudi gerejini.

Alipokata utepe, alimgeukia kamanda akasema angependa kuona eneo zima ambalo nchi yake imelizungushia uzio. Wakamzungusha. Alipofika kwenye ghala akauliza, "Na hili?"

Kamanda akasema, "Stoo ya zamani. Ufunguo haupo."

"Uko wapi?"

"Aliye nao amesafiri."

Balozi akaomba kiti. Mtu akamletea kile cha plastiki. Akakiweka mbele ya mlango wa ghala, akakaa, akasema atamsubiri msafiri. Ilikuwa saa tano asubuhi. Kamanda akacheka kidogo. Saa sita wanawake wakaja na mabakuli kama kawaida, wakasimama nyuma ya kile kiti wakiwa wameyashika. Hakuna aliyewaelekeza. Askari wa mlangoni hakujua apokee au asipokee. Saa saba kamanda akaenda kula, akarudi. Mzungu yule hajaondoka, shingo yake imekuwa nyekundu kama nyanya, wasaidizi wake wanamnong'oneza kuhusu ndege naye anatikisa kichwa. Mke wa Guerschom akamwekea bakuli lake magotini. Akala. Ugali wa asida na bamia, kwa mkono.

Saa tisa na nusu ufunguo ukapatikana. Ulikuwa mfukoni mwa dereva wa kamanda.

Wakatoka tisa. Walikuwa wakijikinga macho kwa mikono, wote pamoja, kama watu wanaopiga saluti. Siraje alikuwa wa sita. Mama yake alinipita mbio akamshika. Mimi nilibaki pale pale, kwa sababu mke wa Guerschom alikuwa kando yangu akiendelea kutazama mlango, na mlango ulikuwa hautoi mtu tena.

Siraje anasema Guerschom, Fabiano na mzee wa chumvi walipakiwa kwenye gari mwezi wa nne. Hajui walikopelekwa.

Balozi aliandika majina hayo matatu kwa mkono wake. Nilimsogelea nikajitambulisha. Akanishika mkono, akasema, "Mpwa wako alinieleza kila kitu." Nikamuuliza mbona hakuja nawe. Akawageukia wasaidizi wake. Kwa hiyo nakuuliza wewe. Masinde naye nikimuuliza habari zako anaanza kuzungumzia matairi.

Mjomba wako,
Dawudi


Kibuli, Kampala
14 Oktoba 2023

Mjomba wangu,

Mama alilia, akacheka, kisha akanikasirikia kwa miezi ile yote niliyomdanganya kuhusu mtandao. Miguu ni ile ile. Tangu Siraje aanze tena kumpigia, anapanda kilima kwa miguu kwa makusudi ili awe na la kumsimulia.

Nilichelewa kukujibu kwa sababu sikutaka kuandika haya. Siku ile nilipotoka chumbani kwa balozi, afisa wangu alikuwa mlangoni. Kesho yake niliondolewa kwenye faili la Loguri kwa kuwa nina ndugu ndani yake, na mwisho wa Juni mkataba wangu haukuongezwa. Hawakunitukana. Walinipa kadi yenye saini za wote. Sasa nina meza Nakawa, ndani ya duka la kuchapa na kutoa nakala, natafsiri karatasi za wakimbizi na wafanyabiashara wa kwenu. Masinde alijua. Nilimwapisha.

Sijutii, ila nimechoka, na hasira yangu haina pa kwenda. Balozi yule amehamishwa tangu Agosti. Amekuja mwingine, na afisa mwingine. Florence ananiambia faili limeanza kusomwa upya kutoka ukurasa wa kwanza, kana kwamba hakuna aliyewahi kukaa kwenye kiti kile.

Na jibu la serikali limefika. Florence alinisomea kwa simu, nikaandika: watu watatu wanaotajwa hawajawahi kushikiliwa Loguri wakati wowote, na huenda hawapo kabisa.

Huenda hawapo. Siraje alilala ubavuni mwa Guerschom miezi mitano. Alimwambia mama kwenye simu ya juzi, kwa Kinubi na kwa mafumbo, kwamba mwalimu alikuwa akimfundisha kusoma kila alasiri, kwa mwanga wa tundu la bati, kwenye magunia yaliyoandikwa maneno ya kampuni ya pamba. Mwanao ana miaka ishirini na nne na alikuwa hajui kusoma, Mjomba, wala hukuwahi kuniambia. Sasa anasoma.

Kwa hiyo nilikwenda Nakasero. Walinzi wananifahamu, wakaniacha nikae kwenye benchi la wageni. Siku ya kwanza afisa mpya hakuweza kuniona. Siku ya pili alikuwa kwenye kikao. Siku ya tatu alitoka akaniuliza kama mimi ndiye niliyetafsiri yale maelezo. Nikasema ndimi. Akasema tatizo lao ni kwamba hawana shahidi aliyewaona watu hao kwa macho yake, wana karatasi tu. Nikamwambia karatasi walizitaka wao.

Amekubali kumsikiliza Siraje, Jumanne tarehe 31, saa nne asubuhi. Sitatafsiri mimi, wamekataa. Nimempa jina la mkalimani anayejua tofauti ya huru na bure.

Masinde anageuza lori Loguri Alhamisi ya tarehe 26. Mpandishe Siraje mbele, na nguo safi, na kitambulisho chake. Najua Mama Siraje atakataa kijana atoke tena machoni pake. Usimwamulie wewe. Mwite mke wa Guerschom, wakae wawili, wewe utoke nje uwaachie.

Mama ameshatandika kitanda. Mwambie Siraje asiwe na haraka mbele ya afisa Jumanne hiyo. Aanze na sura ya mwalimu, alivyokohoa, alivyokaa, neno la kwanza alilomfundisha kusoma. Waandike kwamba hayupo huku wakimtazama aliyefundishwa naye.

Lailah